Msikaze Boliti Gari Likining'inia

Wanangu mnaoshika spana Tandika, Buza, Mwananyamala na Tandale, nanyi mliofungua gereji zenu juzi huko Chamazi na Mabwepande, nina neno moja kuhusu bushi na nitalirudia hadi mlichoke. Bushi nyingi za mbele zinazofungwa katika jiji hili haziuawi na mashimo. Zinauawa na fundi, siku ileile anayozifunga, kwa mzunguko wa mwisho wa spana.

Kazi yenyewe mnaijua. Inaingia IST namba C, mwenyewe analalamika kuwa inagonga akivuka tuta na usukani unamvuta akikanyaga breki. Mnapiga jeki, mnatoa gurudumu, mnafungua mkono wa chini, mnaupeleka kwa mwenye presi, mnaurudisha, kisha mnakaza kila boliti kwa nguvu zote huku mkono ukining'inia. Gurudumu linafungwa, gari linashushwa, linatoka kimya na mwenyewe anashukuru. Masika hayajaisha, limerudi linagonga vilevile. Hapo kila mtu anaapa kuwa spea ilikuwa feki. Mteja anakwenda Kariakoo kugombana na muuza duka, muuza duka anasema fundi wako hajui kazi, nanyi mnakasirika. Bidhaa feki zipo, sibishi, na Tume ya Ushindani huzikamata. Lakini mara nyingi kuliko tunavyopenda kukubali, muuza duka anasema kweli.

Chukueni bushi kuukuu, ikateni kwa msumeno, mtazame ndani. Kuna bomba la chuma la nje, lile linaloingizwa kwa presi kwenye tundu la mkono. Kuna bomba dogo la ndani, linalopitiwa na boliti. Katikati kuna mpira, na mpira huo haukupachikwa tu. Umegandishwa kwenye chuma kiwandani, kwa joto na kwa dawa. Boliti ikikazwa, bomba la ndani hubanwa na halizunguki tena. Kwa hiyo gurudumu linapopanda na kushuka, ndani ya bushi hakuna kinachoteleza. Mpira wenyewe ndio unaojipinda na kujirudi, kuanzia Rangi Tatu hadi Posta, asubuhi na jioni.

Sasa fikirini. Gari likiwa juu ya jeki, mkono wa chini umeshuka hadi mwisho wake. Mkikaza hapo, mmeuwekea mpira kituo cha mapumziko mahali ambapo hautapumzika kamwe. Mkishusha gari, mkono unapanda, na mpira unakuwa umepindwa kabla gurudumu halijazunguka hata mara moja. Gari limesimama kwenye taa za Tazara, bushi inavutwa. Gari limeegeshwa usiku kucha Kijichi, bushi inavutwa. Halafu linakuja tuta, linakuja korongo la mvua, na kila kimoja kinaongeza juu ya maumivu yaliyokuwapo. Mpira huanza kuchanika pale ulipogandana na chuma, mahali ambapo jicho haliufikii, na ukionekana kwa nje tayari umekwisha.

Dawa yake haina gharama. Ingizeni boliti, zungusheni nati hadi ishike tu, muiache. Fungeni gurudumu, shusheni gari, litikiseni kwa mikono mara kadhaa likae sawa, ndipo mkaze mkiwa ndani ya shimo, au gari likiwa juu ya rampu kwa magurudumu yote manne. Asiye na shimo wala rampu asijitetee, maana ipo njia. Kabla ya kufungua chochote, gari likiwa bado limesimama chini, apime kwa futi kamba kutoka katikati ya gurudumu hadi ukingo wa bodi ulio juu yake, aandike. Wakati wa kukaza, gari likiwa limekaa juu ya stendi, aweke jeki ya pili chini ya mkono, karibu na boljointi, aipandishe taratibu mpaka kipimo kile kirudi. Hapo akaze, kwa spana ya toki na kwa kiasi alichoandika mtengenezaji wa gari. Sheria hii ni hiyohiyo kwa bushi mbili kubwa za ekseli ya nyuma ya IST na Vitz, na kwa Mark II Grande yenye mikono juu na chini, mbele na nyuma, ni hiyohiyo mara nyingi zaidi.

Nawaambia haya kwa uchungu kwa sababu magari madogo tunayoyatengeneza hayana akiba. Mbele yamefungwa kwa mfumo wa Earle MacPherson, injinia wa Kimarekani, ambao Ford ya Uingereza iliutumia katika Consul na Zephyr mwaka 1950. Uzuri wake ni wepesi na bei nafuu: hakuna mkono wa juu, shokapu yenyewe inashika nafasi hiyo. Lakini maana yake ni kwamba dereva akikanyaga breki, linalozuia gurudumu lisirudi nyuma ni mkono ule mmoja wa chini pamoja na bushi zake mbili, ndogo na kubwa. Bushi kubwa ikichanika, gurudumu linajigeuza lenyewe wakati wa breki. Barabara ya Kilwa saa moja jioni, daladala imesimama ghafla, bodaboda anapita kushoto, mtoto anavuka, na gari linakwenda upande ambao dereva hakuuchagua. Tairi lililolika upande wa ndani ni hasara ya fedha. Hilo la breki ni roho za watu.

Kuna jambo lingine nalisema nikijua linagusa wakubwa zangu walionifundisha, na wengine wametangulia mbele ya haki. Ni hii tabia ya kupaka grisi kila kitu. Haikutoka hewani. Mafundi wa zamani walikulia kwenye Leyland, Bedford na mabasi ya UDA, shirika lililoanza mwaka 1974, na yale Ikarus marefu ya kumbakumba. Malori na mabasi ya enzi hizo yalikuwa na springi za majani zenye pini na bushi za shaba, na kila pini ilikuwa na chuchu ya grisi. Fundi asiyepiga grisi alikuwa mvivu, na gari lake lilikatika njiani. Walikuwa sahihi kabisa. Kisha miaka ya 1980 na 1990 biashara ikafunguliwa, magari ya Kijapani yakamiminika, bushi zikawa za mpira, na mkono wa fundi ukaendelea na mazoea yake. Mpira asilia ni utomvu wa mti, ule unaogemwa mashambani hata hapa kwetu, Kihuhwi kule Muheza na Kalunga kule Kilombero. Utomvu huo na mafuta ya petroli haviwezi kukaa pamoja. Grisi au oili ikiugusa, mpira huyanywa mafuta, hufura, hulainika na kuachana na chuma. Bushi ikigoma kuingia, tumieni maji ya sabuni, yatakauka yenyewe. Na injini ikiwa inavuja oili juu ya mkono wa chini, zibeni uvujaji kwanza. Mkifunga bushi mpya chini ya oili inayodondoka, mmeuza kazi mnayojua itaharibika.

Moto nao muuache. Naona gereji nyingi zikichoma bushi kwa gesi ili mpira uyeyuke itoke haraka. Ule moshi mweusi mnauvuta ninyi, wanauvuta na watoto wa jirani wanaocheza nyuma ya ukuta, na ni sumu. Chuma cha mkono kikipashwa sana kinabadilika, na mikono ya aluminiamu ya magari makubwa hupoteza nguvu bila kuonyesha alama yoyote kwa nje. Nyundo ni afadhali kidogo tu, maana inapindisha tundu na bushi mpya inakaa mshazari. Tafuteni presi, hata ya kukodi. Kabla hamjasukuma ya zamani, chukueni rangi au patasi mtie alama ilivyokaa, kwa sababu bushi nyingi zina uwazi upande mmoja, umewekwa makusudi ili mkono uwe laini kuelekea upande fulani na mgumu kuelekea mwingine. Ikiingia imegeuka, gari litafungwa vizuri, litatembea, na halitakuwa sawa.

Kuhusu bushi zilizokatwa kwa mpira wa tairi kuukuu, najua ugumu wa maisha unavyowasukuma watu huko. Sitawacheka wanaozitengeneza, kwa kuwa wana ufundi, na kwa trekta au toroli la kokoto zinafaa. Kwenye mkono wa chini wa gari la abiria msizifunge. Mpira wa tairi umetengenezwa usagane na lami; huo haukugandishwa kwenye chuma, kwa hiyo unazunguka, unakula tundu, na siku ya kutafuta bushi halali tundu limepanuka, mkono wenyewe hauna kazi tena. Kujaza bushi iliyolegea kwa vipande vya tyubu ni kubaya zaidi, kwa kuwa kunaficha sauti na kuacha ugonjwa. Zile za plastiki ngumu ya poliyurithani zinadumu, na zenyewe huzunguka kwenye grisi yake maalumu inayokuja nazo, lakini zinapitisha kila kokoto hadi kwenye kiti. Mimi kwa barabara za Mbande na Madale bado nachagua mpira mzuri wa kiwanda.

Kabla ya kubadilisha, hakikisheni. Kugonga kwa haraka haraka kwenye vijishimo vidogo mara nyingi ni stabilaiza linki. Mlio mmoja mzito unaposhika breki au unapoingiza rivasi ndio unaoelekea kwenye bushi. Chomekeni mtaimbo kati ya mkono na chasisi, sukumeni kwa kiasi, mtazame mpira unavyofunguka. Nyufa ndogo za juu juu si hukumu. Mpira ulioachana na chuma, au bomba la ndani lililohama katikati, hiyo ndiyo hukumu. Magari mengine, hasa yale mazito ya kifahari, yana bushi zenye maji ndani. Mkiona weusi wa majimaji umetiririka juu ya mkono, imepasuka. Mkibadilisha kushoto, badilisheni na kulia. Zilizaliwa siku moja, zimepita mashimo yaleyale.

Ninyi madereva wa mkataba, nina neno nanyi pia. Najua hesabu ya bosi haisubiri, na siku gari linapolala gereji mnalipa kwa njaa. Lakini mkimsimamia fundi kichwani mkimwambia afunge fasta abiria anawasubiri, yeye ataruka hatua zile msizoziona, na hatua ya kwanza kurukwa ni hiyo ya kushusha gari kabla ya kukaza. Ongeeni na bosi mapema. Mwambieni gari litalala nusu siku kwa ajili ya bushi na alaimenti, mkubaliane hesabu ya siku hiyo. Nanyi wenye magari, msimhukumu fundi kwa kasi yake. Mliponunua gari la zaidi ya miaka 8 mlilipa ushuru wa ziada wa uchakavu mkijua ni kuukuu. Mpira wake nao ulikuwa umezeeka Japani kabla haujaliona joto la Temeke na chumvi ya bahari yetu.

Chumvi hiyo inanileta kwenye jambo ninalotaka mlishike kuliko yote. Boliti ya bushi hapa pwani huota kutu ndani ya bomba lake na kugoma. Ndipo kijana anaingia chini ya gari, anavuta spana kwa miguu na mikono, gari zima linatikisika, na lililolishikilia ni jeki moja juu ya mchanga. Msiingie. Narudia, msiingie. Mchanga wetu unazama bila kelele. Wekeni ubao mpana na mnene chini ya jeki, wekeni stendi mbili za chuma chini ya chasisi, wekeni hata gurudumu mlilolitoa, lilazeni ubavuni chini ya bodi, mzuie magurudumu ya nyuma kwa matofali, msukume gari kwa bega mkiwa nje mjue kama linacheza. Boliti ikigoma, ipigeni dawa ya kutu muiache inywe, mwende mkanywe chai. Mteja akinung'unika, nung'uniko lake halijawahi kumvunja mtu mbavu. Ninyi mnaofundisha wadogo, msimtume mtoto wa watu mahali ambapo hamngemwacha mwanenu alale.

Kazi ikiisha, gari lisiende kwa mwenyewe bila alaimenti. Mkono ukifunguliwa na bushi zikibadilika, pembe za magurudumu zimehama, na tairi jipya litalika ndani ya muda mfupi hata kama usukani unaonekana umenyooka. Kama hamna mashine, mpelekeni mteja kwa mwenye nayo, mkae naye mpaka karatasi ya vipimo itoke. Lijaribuni gari barabarani: shikeni breki taratibu, kisha kwa nguvu mahali pasipo na watu, ingizeni rivasi, vukeni tuta kwa pembe. Mwambieni mwenyewe alirudishe baada ya kilomita mia chache bila malipo. Likirudi, litazameni likiwa limesimama chini kwa magurudumu yake, mpitishe spana ya toki kwenye kila boliti mliyoifungua, na ile iliyolegea muikaze papo hapo, kabla hamjapiga jeki.