Wasifu wa Msanii na Haki ya Msomaji

Katika nchi ya Abagusii, yaani Kisii na Nyamira, zipo sanaa mbili zinazoweza kuangaza suala linalowagawa wasomaji kila maisha ya msanii yanapoanikwa kitabuni. Mpigaji wa obokano huketi mbele ya watu wanaomfahamu. Jinsi anavyoishi na mkewe na jirani zake si siri, na wimbo wake husikilizwa pamoja na habari hizo. Sanamu ya jiwe la sabuni kutoka Tabaka, kinyume chake, aghalabu huuzwa mbali bila jina la aliyeichonga. Elkana Ong'esa, mzaliwa wa Tabaka ambaye kazi yake imo katika makao makuu ya UNESCO mjini Paris, ni miongoni mwa wachache ambao majina yao yamesafiri pamoja na mawe yao.

Msomaji wa kitabu yuko kati ya hali hizo mbili. Ni mgeni kama mnunuzi wa sanamu, ila wasifu humpa siri za jirani bila ya yeye kuishi ujirani huo. Tena neno lenyewe, wasifu, lina asili moja na sifa. Shaaban Robert alipoandika maisha ya mwimbaji Siti binti Saad, yaliyochapishwa mwaka 1958, alimtukuza awe kielelezo kwa wengine. Aliyezoea vitabu vya namna hiyo hutarajia hati ya mwenendo mwema, na asipoipata hujiona amehadaiwa.

Tatizo hili lilijitokeza waziwazi kwa Ngũgĩ wa Thiong'o. Katika kumbukumbu za utoto wake zilizotoka mwaka 2010, alisimulia jinsi baba yake alivyompiga mama yake hata mama akarejea kwao. Mwaka 2024, miezi kadhaa kabla ya mwaka wa kifo cha mwandishi huyo, mwanawe Mukoma alidai hadharani kwamba Ngũgĩ naye alimpiga mkewe Nyambura, aliyekwisha kufariki. Madai si hukumu. Lakini wako waliomkaripia Mukoma kwa kumvua baba nguo, ilhali ushuhuda wa Ngũgĩ juu ya baba yake mwenyewe ulipokewa kama ujasiri. Ni vigumu kuona tofauti ya kimaadili kati ya wana hao wawili, isipokuwa kwamba baba wa kwanza hakuwa amewaandikia wasomaji riwaya wazipendazo.

Wanaotaka vitabu vitupwe na wanaotaka maisha yasahauliwe wanashiriki kosa moja: wote huhesabu watu wawili tu, msanii na msomaji. Huko Tabaka hesabu hiyo haitoshi. Kwa desturi wanaume huchonga. Wanawake ndio hulisugua jiwe kwa msasa na maji mpaka ling'ae, na ung'avu huo ndio humvuta mnunuzi. Wasifu wa mchongaji usiomtaja msuguaji haujakamilika, hata kama mchongaji ni mtu mwema kupindukia, na hata kama msomaji hakuomba kuelezwa.