Kikombe Kipi Kimechacha?

Acha kuuliza kama kazi yako ni nzuri. Utajibiwa ni nzuri. Utapewa na hongera juu yake, utarudi nyumbani umeshiba sifa, na kesho utakosea palepale.

Yamenikuta. Niliwahi kumpa mwenzangu makala niliyohangaika nayo wiki nzima, nikamuuliza, "Vipi, imekaa sawa?" Akasema imekaa sawa. Simlaumu. Swali langu lilikwenda na jibu lake mkononi. Muungwana angefanya nini?

Twende Mbinga tukajifunze kuuliza. Mkulima wa milima ya Umatengo akichimba ngoro, yale mashimo ya shambani yenye kingo, hahitaji mkaguzi: mvua kubwa ya kwanza inamwonyesha ukingo uliolegea. Kahawa haina huruma hiyo. Anachuma, anamenya, anavundika, anaosha, anaanika, kisha mzigo unaondoka. Kwa miaka mingi kahawa ya Mbinga ilisafiri mpaka Moshi ikaonjwe na kunadiwa huko, aliyeilima amebaki kijijini na chai yake ya rangi. Kilichomrudia ni daraja na bei.

Sasa sogea kwenye meza ya mwonjaji. Sampuli moja inawekewa vikombe 5. Kahawa iliyosagwa inamiminiwa maji ya moto, inaachwa kama dakika 4 mpaka ukoko utande juu. Mwonjaji anauvunja kwa mgongo wa kijiko, pua karibu iguse kikombe. Halafu anavuta funda kwa mlio ambao mezani kwa bibi ungekupatia kofi, anatema, anahamia kikombe cha pili. Mwisho anaandika alama kati ya 100. Kuanzia 80 kahawa inahesabiwa kuwa ya ubora wa pekee.

Ukipewa 78 utaifanya nini? 78 haipaliliwi. Uliza habari za vikombe. Kama kilichochacha ni kimoja kati ya vitano, pengine ni punje chache tu zilizosahaulika kwenye mashine ya kumenyea tangu jana, zikaingia na za leo. Vikichacha vyote vitano, achana na kusaka punje. Angalia saa ulizovundika, au matunda yaliyolala yamerundikwa usiku kucha kabla ya kumenywa. Jibu la kwanza linakutuma ukasugue mashine, la pili linakuamsha mapema. Ukitoka kwa mtu na jibu lisilokutuma popote, ujue uliuliza vibaya.

Basi fundi cherehani, usimuulize mteja kama suti inampendeza. Mwambie anyanyue mikono, umuulize inambana wapi. Mwalimu, muulize mwenzako aliyekaa nyuma ya darasa ni wakati gani wanafunzi wa kule waliacha kuandika. Na wewe mwenye ripoti, uliza ukurasa gani msomaji alilazimika kuurudia.

Halafu chagua wa kumuuliza, na saa ya kumuuliza. Shuka mpaka Mbamba Bay, ufukweni wanakoanika dagaa. Mnunuzi anaokota wachache, anatafuna. Mchanga ukilia kwenye meno anatema na kukunja uso. Anajua dagaa, hilo halina ubishi. Ila ule uso umekunjwa kwa sababu mbili: mchanga, na bei anayotaka ishuke. Mama mjanja hamuulizi wakati huo. Anangoja hela zihesabiwe, magunia yashonwe, ndipo aseme: "Kaka, biashara imekwisha. Sasa niambie ukweli, hawa wa kichanjani na wale wa chini umewaonaje?" Hapo mtu hana tena faida ya kukudanganya.

Akianza kusema, nyamaza. Koo litakuwasha; utatamani kueleza upepo ulivyovuma na mtoto alivyoumwa siku ile. Meza mate, andika anachosema. Maelezo yako, hata yakiwa ya kweli kabisa, hayapakiwi na gunia. Mlaji wa Songea atakutana na mchanga peke yake.

Na usingoje kazi iishe. Kahawa ikishakauka haivundikwi upya, na mkuu wa idara akishapokea ripoti huna tena ruhusa ya kuichokonoa. Uliza ingali mbichi, wakati bado inauma kidogo kuionyesha.

Kuna kazi mezani kwako sasa hivi, imefika nusu. Kuna na mtu unayejua kabisa kwamba ataona ilipochacha, ndiyo maana wiki nzima umekuwa ukiwapelekea rafiki zako badala yake. Mpigie huyo. Mpigie leo. Omba dakika 10 tu, fungua pale pale unapopatilia shaka, umkabidhi kalamu.