Ndagala Hajui Mpaka: Jirani Akivua, Sisi Tujizuie?

Kando ya ziwa letu Tanganyika kuna desturi ya wazee ambayo hakuna mtu aliyeiandika kama sheria. Mwezi ukiwa mkubwa, mitumbwi inalala pwani. Sababu inajulikana: ndagala anafuata taa, na mwanga wa mwezi ukijaa juu ya maji, taa ya mvuvi haimvuti tena. Basi siku hizo watu wanashona nyavu, wanatengeneza mitumbwi, wanaenda kusalimia wakwe. Ziwa linapumzika bila polisi. Tena linapumzika pande zote pamoja, kwani mwezi unaoangaza Uvira ndio huohuo unaoangaza Rumonge, Kigoma na Mpulungu.

Leo tunaombwa kujizuia zaidi ya hapo, na safari hii si mwezi unaotuomba, ni watu. Ziwa hili ni la inchi nne: Kongo ina karibu 45 kwa mia ya maji yake, Tanzania 41, Burundi 8, Zambia 6. Mwaka 2003 inchi hizo zilitia sahihi mkataba mmoja wa kulinda ziwa, na ofisi yake ya pamoja iko Bujumbura. Kisha zikapatana kusimamisha uvuvi miezi mitatu kwa mwaka, ili samaki wazae na wakue. Mwaka 2024 Tanzania ilifunga upande wake tangu tarehe 15 ya mwezi wa tano hadi tarehe 15 ya mwezi wa nane.

Hapo ndipo swali linazaliwa. Mvuvi mmoja, mzazi wa mwanafunzi wetu, alituuliza hivi: «Mwalimu, mimi nikifunga, wa ngambo atafunga? Na kama hafungi, si nitakuwa nimemulishia mutoto wake, wa kwangu analala njaa?» Hatukumjibu haraka. Mtu anayeuliza hivyo si mwizi. Anauliza juu ya haki.

Tuanze na samaki mwenyewe. Ndagala hana karatasi ya uraia. Watoto wake wengi hukaa karibu na ufuko, wakikua wanaingia katikati ya ziwa, na mikeke wanawafuata kwa kuwala. Kwa hiyo ndagala tunayemuanika leo juu ya mchanga wetu, huenda alikulia kwenye ufuko wa jirani, mahali ambapo mtu tusiyemjua hakutupa wavu wa macho madogo wala chandarua cha malaria. Hapo ndipo mawazo yetu yanageuka. Tulikuwa tunaona kujizuia kama zawadi tunayompa jirani. Lakini sisi tumekwisha kula kujizuia kwake. Si zawadi tena, ni deni. Na deni halifutiki kwa sababu mdeni mwingine amekataa kulipa.

Je, maneno yanaishia hapo? Hapana. Tukimwambia mvuvi hivyo tu, tutakuwa tunahubiri tukiwa tumeshiba. Mvuvi wa mtumbwi si yeye peke yake aliyepunguza samaki. Tangu miaka ya 1950 meli za uvuvi mkubwa zilifanya kazi katika ziwa hili, na faida yake haikubaki kwenye vijiji vya pwani. Tena watafiti walionyesha mwaka 2003 ya kwamba maji ya juu yamepata joto, hayachanganyiki vizuri na maji ya chini, na chakula cha samaki kinapungua. Joto hilo halikuletwa na taa ya mvuvi wa Baraka. Kumbe tunamdai maskini alipe hata deni la wengine.

Tuangalie mbali kidogo. Katika bahari ya Pasifiki, inchi ndogo za visiwa zinashiriki samaki jodari, naye hajui mpaka. Mwaka 1982 zilifanya Mapatano ya Nauru. Leo ni inchi nane. Tangu mwisho wa 2007 zinahesabu siku za kuvua: kila inchi ina siku zake, na meli kubwa za mbali zinazinunua. Nguvu yao ni kusema bei kwa sauti moja. Lakini tuone tofauti: kule, mzigo wa kujizuia unamwangukia kwanza tajiri mwenye meli. Kwetu unamwangukia mwenye mtumbwi, na mama anayeuza ndagala kwa kipimo ili apate minerval ya mtoto. Sisi walimu tunajua miezi ambayo viti vinabaki wazi darasani.

Jibu letu basi lina pande mbili, na upande mmoja hausimami bila mwingine. Mvuvi ana wajibu wa kujizuia hata kama hamwoni wa ngambo, kwani mtu mwaminifu haanzi kuwa mwaminifu siku anapoangaliwa. Lakini Leta inayofunga ziwa ina wajibu wa kujua ni nani atalala njaa kwa ajili ya sheria yake, na kumtafutia mkopo, shamba au kazi nyingine kabla ya siku ya kufunga. Sheria isiyouliza sufuria ya watu inawafundisha kuiba usiku. Na wavuvi wa pande nne waonane, wahesabu pamoja, kila mmoja ajue mwenzake naye amelaza mtumbwi.

Wazee walisema: kidole kimoja hakivunji chawa. Mwezi uliwalaza wote usiku mmoja bila kuuliza mtu. Kwetu sisi, hakuna atakayetulaza isipokuwa neno tulilopeana. Tulishike, na tuwadai wakubwa nao walishike.