Jumanne: Hana Ataja Uchungu Wake

Soma 1 Samweli 1:1-18. Ni nani walioshindwa kuelewa hali ya moyo wa Hana? Yeye alijibuje?

Hapa Songea mtu akiulizwa habari za nyumbani hujibu, "Nzuri," hata kama amekesha akiuguza. Baadaye kidogo ndipo huongeza, "Ila mtoto anaumwa." Adabu hiyo ni njema. Hatari huja pale ambapo neno "ila" halisemwi kamwe, si kwa mwenzi wa ndoa, wala mbele za Mungu.

Penina alimchokoza Hana mwaka baada ya mwaka, naye Hana akalia na kuacha kula. Elkana alimpenda, lakini alimuuliza maswali manne mfululizo, na la mwisho lilikuwa juu yake mwenyewe: je, yeye si bora kuliko wana kumi? Jibu la Hana halikuandikwa.

Huko Shilo alimweleza BWANA waziwazi alichokitaka (fungu la 11). Kuhani Eli alipodhani amelewa, Hana angeweza kuondoka kwa hasira, au kunyamaza tena. Badala yake alisema kwa heshima kwamba hakulewa, bali ana huzuni moyoni na anamimina nafsi yake mbele za Mungu (fungu la 15). Aliitaja hisia yake kwa jina, bila kumtukana Eli wala kumsengenya Penina.

Wengi wetu tuna neno moja tu: "Nimekasirika." Chukua mfano wa mkulima aliyeuza mahindi yake na malipo hayajafika, huku mtoto akisubiri ada ya chuo. Jioni anamfokea mkewe kwa sababu ugali umepoa. Ukimuuliza, atasema ni hasira. Akijichunguza, atakuta ni hofu na aibu. Hasira inamtaka mke aombe radhi. Hofu ingewafanya waketi pamoja, wapange na kuomba. Ukikosea jina la ugonjwa, utakosea na dawa.

Kila mwaka mwezi wa Februari, watu hukusanyika kwenye Makumbusho ya Majimaji, Mahenge, mjini kwetu, kuwakumbuka viongozi walionyongwa na Wajerumani tarehe 27 Februari 1906. Uchungu wa zaidi ya miaka 100 umepewa siku yake na mahali pake. Je, uchungu wa jana nyumbani kwako umepewa mahali?

Soma Mathayo 26:37, 38. Yesu aliwaambia nini wanafunzi watatu kuhusu nafsi yake?

Mwokozi asiye na dhambi aliwaeleza rafiki zake huzuni yake, kisha akaipeleka kwa Baba. Kwa hiyo kutaja huzuni si upungufu wa imani. Hana naye alikwenda zake, akala, na uso wake haukuwa na huzuni tena (fungu la 18). Alikuwa bado hana mtoto, na Penina alikuwa bado yuko nyumbani. Lakini mzigo wake ulikuwa umekwisha kuwekwa mbele za BWANA.

Kabla ya sala ya leo jioni, tafuta jina halisi la kile unachokisikia moyoni: ni hasira, hofu, wivu, aibu, au upweke? Mwambie Mungu kwa jina hilo. Je, kuna mtu nyumbani kwako anayestahili kulisikia pia, naye hujamwambia?