Msimulizi Mwaminifu na Habari Isiyowezekana

Kama habari ipimwe kwa uaminifu wa aliyeileta au kwa yale inayoyasema ni swali lililowashughulisha wanazuoni wa Kiislamu kwa karne nyingi, na jibu lao la mwanzo lilikuwa elimu ya hadithi. Kila hadithi ina sehemu mbili: sanadi, yaani mlolongo wa watu waliopokezana maneno hadi kumfikia Mtume Muhammad, na matini, yaani maneno yenyewe. Kwa mujibu wa Ibn al-Salah, aliyefariki Damascus mwaka 1245, hadithi huitwa sahihi pale ambapo sanadi yake haikukatika, kila mpokezi ni mwadilifu na mwenye kuhifadhi barabara, na simulizi haipingani na ya wapokezi wanaoaminika zaidi wala haina kasoro iliyojificha. Ili masharti haya yatimizwe, ilibidi maisha ya maelfu ya watu yachunguzwe na kuandikwa: nani alisoma kwa nani, nani alikutana na nani, nani alianza kusahau uzeeni. Kutaja aibu ya mtu, ambako kwa kawaida ni usengenyaji uliokatazwa, kuliruhusiwa hapa kwa sababu kuilinda dini na uongo kulihesabiwa kuwa wajibu mzito zaidi.

Hata hivyo, mwadilifu naye hukosea kwa nia njema, na hapo ndipo mwanahistoria Ibn Khaldun, aliyezaliwa Tunis mwaka 1332, alipoongeza hatua nyingine. Katika kitabu chake Muqaddimah, alichokikamilisha mwaka 1377, alishikilia kwamba habari za sharia nyingi ni maagizo, ambayo yatosha kuthibitika kuwa yalitolewa, lakini habari za matukio hudai kwanza kuulizwa kama tukio lenyewe lingewezekana, kwani la muhali halithibitishwi na wema wa msimulizi. Mwanahistoria al-Masudi, kwa mfano, aliandika kwamba Musa aliwahesabu jangwani wapiganaji wa Bani Israili 600,000 au zaidi. Ibn Khaldun akahoji ni vipi nchi za Misri na Sham zingebeba jeshi hilo, safu zake zingeongozwaje vitani ikiwa upande mmoja haujui yanayotokea upande wa pili, na ni vipi uzao wa Yakobo ungefikia idadi hiyo kwa vizazi vinne tu, ilhali dola ya Uajemi, iliyowazidi mno kwa ukubwa, inasimuliwa kuwa ilikusanya askari 120,000 katika vita vya Qadisiyya.

Kipimo hiki kina hatari yake, kwa kuwa mtu ni mwepesi wa kuita muhali kila asichokizoea, na ni jambo la kumheshimu Ibn Khaldun kwamba aliiandika hatari hiyo kutokana na yaliyomkuta yeye mwenyewe. Ibn Battuta, msafiri yuleyule aliyefika Kilwa mwaka 1331, aliporejea Morocco na kusimulia utajiri wa sultani wa Delhi, watu wa baraza la sultani huko Fez walinong'onezana kuwa anasema uongo, na Ibn Khaldun, kijana bado, akamfikishia shaka hiyo waziri Faris ibn Wadrar. Waziri alimjibu kwa kisa cha mtoto aliyekulia gerezani pamoja na baba yake, ambaye, kwa kuwa hakuwahi kuona mnyama mwingine ila panya, kila alipoelezwa kondoo, ng'ombe au ngamia alidhani kuwa nao ni panya wa aina nyingine.

Ibn Khaldun hakulichukua jibu hilo kuwa ruhusa ya kuamini kila kitu, bali alitenganisha uwezekano wa kiakili tupu, ambao hauna mpaka, na uwezekano unaotokana na asili ya kitu chenyewe. Utenganisho huu una uzito kuliko hata hesabu yake ya jeshi, maana utajiri wa Delhi ulizidi mazoea ya watu wa Fez bila kuvunja asili ya dola yoyote. Lakini idadi ile ya 600,000 imo pia katika Kitabu cha Kutoka, sura ya 12, na muumini anayeisoma humo hana budi kuamua kama mpaka anaouita asili unatokana na chakula, maji na urefu wa safu za watu, au unatokana tu na uchache wa aliyoyaona.