Usingoje Darubini Kubwa

Maneno haya umeyasikia: shule haina maabara, nchi haina darubini ya maana, mambo ya anga waachiwe wenye pesa. Ukiambiwa tena, muulize msemaji swali moja tu. Kapella ilipimwaje?

Kapella ni ile nyota ya manjano inayong'aa upande wa kaskazini, saa tatu usiku, mwishoni mwa Januari. Kwa macho ni nyota moja. Mwaka 1899 wanaastronomia wa kituo cha Lick kule Marekani na wa Cambridge, Uingereza, kila upande kivyake, waliuchambua mwanga wake wakakuta ni wa nyota mbili zinazozungukana kila siku 104. Kuzitenganisha kwa uhakika kukashindikana kwa miaka 20. Pengo kati yao ni kama upana wa sarafu ya sentimita mbili na nusu iliyoshikwa Chalinze, nawe umesimama Dar es Salaam.

Kisha akaja John Anderson. Mwishoni mwa 1919, pale Mount Wilson, California, alikuwa na darubini kubwa kuliko zote duniani wakati huo, yenye kioo cha mita 2.5. Akaiziba! Aliupitisha mwanga kwenye bamba lenye tundu mbili tu, sehemu kubwa ya mwanga ule wa thamani ikapotea. Alikuwa na sababu. Mawimbi yaliyopita tundu mbili yakikutana huchora mistari ya mwanga na kiza. Nyota ikiwa pacha, kila moja huchora mistari yake, na kuna mkao wa bamba ambapo mistari ya hii inaangukia kwenye kiza cha ile, yote ikafifia. Anderson alizungusha bamba, akatazama mistari ikififia, akasoma pembe na umbali. Hiyo ndiyo interferometria. Nguvu ya kutenganisha inatoka kwenye nafasi iliyopo kati ya tundu na tundu. Wingi wa mwanga unafuata nyuma.

Na kwa nini mtu akeshe kwa ajili hiyo? Kwa sababu nyota haipandi kwenye mizani. Bila kujua uzito wake hujui itaishi muda gani wala itakufaje, na njia ya moja kwa moja ya kuupata ni kuangalia nyota mbili zinavyovutana. Leo tunajua kila moja ya pacha wa Kapella ina uzito wa takriban Jua mbili na nusu. Kila kitabu kinachokueleza maisha ya nyota kimesimama juu ya vipimo vya namna hii.

Sasa msikilize Robert Hanbury Brown, huyu ndiye wangu. Yeye na Richard Twiss walipendekeza kupima nyota kwa kulinganisha mtetemo wa nguvu ya mwanga kwenye vioo viwili vilivyo mbalimbali. Wanafizikia wenye majina wakasema haiwezekani, fizikia ya kwanta haikubali. Hanbury Brown hakubaki kubishana barazani. Alichukua vioo viwili vya taa kubwa za jeshi, zile za kumulikia ndege usiku, akavielekeza kwenye nyota ya Sirio, na mwaka 1956 matokeo yakachapishwa. Vyombo vya vita vilivyokwisha kazi! Baadaye alijenga mtambo Narrabri, Australia, vioo vikitembea juu ya reli ya duara yenye kipenyo cha mita 188, na kwa mtambo huo akaipima Spika, pacha wanaozungukana kwa siku nne tu.

Cambridge nako si mlimani, na mawingu yake kila mtu anayajua. Hata hivyo, mwaka 1995 kikundi cha John Baldwin kiliunganisha darubini ndogo zenye vioo vya sentimita 40, kikapata picha ya Kapella ikiwa nyota mbili: picha ya kwanza ya mwanga wa kawaida kutoka darubini zilizotenganishwa. Sentimita 40! Leo mtambo wa CHARA, huko huko Mount Wilson, una darubini sita za mita moja, zilizosambaa hadi mita 331. Mwaka 2008 ulitoa picha ya Beta Lyrae, ambako nyota moja inamwagia mwenzake gesi yake.

Sikudanganyi kwamba ni kazi nyepesi. Hewa inatetemesha mwanga. Dawa mojawapo aliionyesha Antoine Labeyrie mwaka 1970: piga picha nyingi za muda mfupi mno, kabla hewa haijajigeuza, halafu uzichanganye kwa hesabu. Harold McAlister aliitumia njia hiyo kupima nyota pacha kwa miaka mingi kabla ya kuianzisha CHARA. Siku hizi wapenzi wa nyota wanaifanya kwa darubini ya sentimita 25 hivi, kamera yenye kasi na programu za bure. Wanafunzi wa sekondari kule Marekani wameshachapisha vipimo vyao vya nyota pacha. Wana nini ambacho wewe huna? Muda wa darubini? Mtandao wa Las Cumbres una darubini zinazoongozwa kwa intaneti, nyingine zipo Sutherland, Afrika Kusini, na hutoa muda kwa miradi ya elimu.

Kwa hiyo kusanya wenzako watatu au wanne, mtafute mwalimu wa fizikia asiyechoka haraka, andikeni ombi kabla muhula haujaisha. Fungueni orodha ya Washington ya nyota pacha. Ina jozi zaidi ya 150,000, na nyingi hazijaguswa miaka mingi. Anzeni na jozi pana, isiyohitaji interferometria, mjifunze kupima bila kujidanganya. Chagueni iliyopimwa mara ya mwisho kabla hamjazaliwa. Namba zinazotafutwa ni mbili tu, pembe na umbali. Zipimeni, kila mmoja kivyake bila kuchungulia daftari la mwenzake, mzilinganishe, mzirudie zikikataana, kisha mzichapishe.