Kwenda Kuhesabiwa

Somo: Luka 2:1–20, 1 Samweli 16:1–13

Desemba ikishafika katikati, utani huwa ni ule ule: Wachagga wanakwenda kuhesabiwa. Pale Mbezi, kwenye Kituo cha Mabasi cha Magufuli, tiketi za Moshi, Machame na Rombo zinawindwa, walanguzi wanatembea na bei zao mfukoni, na mabasi ya ziada yanaingia barabarani. Hata treni ya abiria ya Moshi ilirudi Desemba 2019, na hakuna aliyehitaji kuelezwa kwa nini mwezi huo. Ikipita tarehe 20, Dar es Salaam inapumua. Ukitoka Mbagala kwenda Mwenge asubuhi unafika mapema mpaka unajishangaa.

Utani huo umebeba Maandiko, ingawa wengi wanaoupiga hawakuutoa kanisani. Luka anaanza habari ya kuzaliwa kwa Bwana na amri ya sensa. Kaisari Augusto anataka watu waandikwe, na kila mmoja anashika njia kwenda mji wa kwao. Sensa yetu ya 2022 ilituhesabu pale tulipolala usiku wa kuamkia tarehe 23 Agosti. Hiyo ya Luka ilimtaka Yusufu arudi kwenye shina lake. Basi akatoka Nazareti na Mariamu mjamzito, safari ya zaidi ya kilomita 100, mpaka Bethlehemu, kwa kuwa yeye alikuwa wa ukoo wa Daudi.

Alifika kwao, na kwao hakukuwa na nafasi.

Hapa maigizo ya watoto wa Shule ya Jumapili yametupotosha kidogo. Kila mwaka tunamweka mlangoni mzee mkali mwenye nyumba ya wageni, anatikisa kichwa, anawafukuza Yusufu na Mariamu, nasi tunamchukia kwa raha zetu. Luka hakumtaja mtu huyo hata mara moja. Anasema tu kwamba nafasi ilikosekana, basi mtoto akalazwa horini. Mzee yule tumemzua wenyewe, na nadhani tulimhitaji, kwa sababu lawama ikimwangukia mgeni asiye na jina, hakuna atakayeuliza ndugu wa Yusufu walikuwa wapi. Mji wa Daudi ulikuwa mji wa Yusufu. Yohana, katika sura yake ya kwanza, hazunguki: waliokosa kumpokea walikuwa watu wake mwenyewe.

Nalisoma somo hili nikiikumbuka Krismasi ya kihambani, kwenye shamba la ukoo, nami naipenda bila kificho. Mbege imeanza kutengenezwa siku kadhaa kabla, ndizi mbivu zimechemshwa, ulezi umeoteshwa na kusagwa, na akina mama wanabishana kama msesewe umezidi. Watoto waliozaliwa mjini wanaonyeshwa makaburi chini ya migomba: huyu ni babu wa baba yako, na huyu ndiye aliyemtangulia. Kanisani tarumbeta zinapigwa, na mchungaji ana foleni ya ubatizo na ndoa, maana ukoo wote upo. Kisha anachinjwa mbuzi. Mnyama huyo hakatwi ovyo. Mzee aliyeshika kisu anajua kidari ni cha nani, mgongo ni wa nani, shangazi aliyeolewa kata ya jirani anatengewa nini. Nyama inapangwa juu ya majani ya mgomba, fungu kwa fungu, na kila fungu lina mwenyewe. Mtoto anayetazama pale anajifunza ukoo wake vizuri kuliko kwenye daftari lolote.

Lakini siku hizi kuna hesabu nyingine inayokwenda sambamba na hiyo, nayo inafanyika getini. Nani amekuja na gari gani? Nani amepandisha nyumba, nani bado anasema msingi? Nani alichangia simenti ya kanisa, na jina lake lilisomwa la ngapi? Kijana ambaye biashara yake Kariakoo imekufa anaijua hesabu hiyo. Anapiga simu tarehe 22 na kusema kazi zimebana. Mama anaitikia, "Haya mwanangu, Mungu akutunze," na fungu lake la nyama linaingia kwenye sufuria ya wote. Binti aliyezaa nyumbani bila mume anajulikana naye. Anakuja, ila anamaliza sikukuu nzima jikoni, kwa sababu jikoni hakuna wa kumuuliza maswali. Ajabu ni kwamba asubuhi hiyo hiyo tumetoka kuimba kanisani habari za msichana aliyeonekana mjamzito kabla ya ndoa.

Bethlehemu ilikuwa na historia ya namna hii hata kabla ya Yusufu. Samweli alipofika huko kumtia mafuta mfalme, Yese aliwapitisha wanawe saba mbele yake. Wa kwanza wao alikuwa wa kuonwa na watu. Samweli ilibidi aulize kama vijana wamekwisha, ndipo baba akakumbuka kuwa yuko mdogo, huko porini na kondoo. Baba mzazi, siku ya karamu ya dhabihu, alisahau kumwita mwanawe! Samweli akagoma: hakuna kuketi mpaka huyo afike. Biblia haisemi Daudi alikuwa umbali gani, wala wale kaka saba walikaa na sura gani wakati wa kumngoja. Ninachoona ni kwamba karamu ilisimama kwa ajili ya mtu mmoja mwenye harufu ya zizi.

Karne nyingi baadaye, katika nchi ile ile ya Daudi, malaika wanawatokea wachungaji. Walikuwa zamu ya usiku. Sensa au si sensa, kondoo wanalindwa, kama mlinzi wa benki anavyolinda tarehe 25, kama muuguzi wa wodi ya wazazi, kama dereva aliyetupeleka sote kwetu kisha akageuza basi kwenda kuchukua wengine. Na kama dada wa kazi. Huyu tumekuja naye kutoka Dar kwenye kiti cha nyuma, mtoto mapajani. Kwao ni Iringa au Singida, na hatujamuuliza mama yake anakula nini Krismasi hii. Habari njema ilianza kwa watu wa zamu, kisha wao ndio waliowapelekea wengine.

Malaika walitaja amani. Kwetu mlimani amani ina mmea wake, sale, ule ule unaopandwa mpakani mwa vihamba. Aliyekosa huchuma jani lake akamwendea aliyemkosea, na jani hilo si la kukataliwa. Vikao vya ukoo vya tarehe 26 na 27 vinalijua vizuri, maana hapo ndipo ndugu wanapoulizana ni nani aliyesogeza mpaka. Ninapotazama hori, naona utaratibu umegeuzwa. Aliyekosewa ndiye aliyetoka kwake akaja mpaka kwa wakosaji. Mungu hakungoja tufike na jani mkononi. Alikuja mdogo kiasi cha kubebwa, akalala mahali ambapo hata mwenye viatu vya matope angeweza kuingia bila kubisha. Wachungaji waliingia hivyo hivyo, na Luka hasemi kwamba kuna aliyewauliza wamekuja na nini.

Kwa hiyo nawaomba wazee wenye visu jambo moja mwaka huu. Kabla mbuzi hajakatwa, majina yatajwe kwa sauti, ya wote, pamoja na yule wa kazi zimebana. Mmoja wenu aingie jikoni amtoe binti aje aketi na wenzake, na mwingine ampe dada wa kazi simu aongee na mama yake mpaka watosheke. Kijana wa Kariakoo naye apigiwe tarehe 22, kabla hajapiga yeye, na baada ya simu atumiwe hela. Nauli ya basi kutoka Mbezi hadi Moshi, hata ile ya Desemba, haifikii bei ya mbuzi mmoja.